Maswali ya Wasomaji: Colt fupi ya risasi sita

SWALI: Marehemu baba yetu ametuachia rivolva ndogo ya Colt. Ubavuni mwa mtutu pameandikwa Detective Special. Jirani anasema ni adimu mno kwa sababu kiwanda kiliacha kuitengeneza, tusikubali bei ya kwanza. Ni kweli? Tutajuaje kama bado ni nzima?
Familia, Usa River, Arusha

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Tuanze na leseni, maana ndilo la haraka. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Toeni taarifa kituo cha polisi kwanza, muulize ipelekwe vipi. Msiifunge kwenye khanga mkapanda nayo daladala. Kabla haijauzwa wala kurithiwa, namba yake ilinganishwe na iliyo kwenye leseni ya mzee. Silinda ikifunguliwa, namba huonekana ndani ya fremu, mahali mkono wa silinda (kipande kinachoishikilia inapofunguka) unapolala, na hurudiwa kwenye mkono wenyewe. Zikitofautiana, basi kipande kimoja kimetoka kwenye silaha nyingine.

Jirani amesema nusu ya ukweli. Colt wa Hartford, Marekani, waliitoa bastola hii mwaka 1927. Walichukua rivolva yao ya polisi ya tangu 1908 wakaipa mtutu wa inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Uzalishaji ulikoma 1986, ukafufuliwa 1993, ukakatika tena 1995. Katika miaka yote hiyo zilitoka nyingi, kwa hiyo jina peke yake si hazina. Adimu ni ile ambayo haijaguswa na msasa wala tupa.

Na inapendwa kwa haki. Mshindani wake wa Smith & Wesson wa mwaka 1950 hubeba risasi tano. Colt hii hubeba sita, na silinda yake imezidi unene kwa milimita mbili tu au tatu. Ndani, mafundi walikuwa wakiviwianisha vipuri kwa mkono, kimoja kimoja, na ndiyo maana kifyatulio chake huvutika kwa ulaini. Kazi ya namna hiyo ni ghali, na polisi wa Marekani nao walikuwa wakihamia bastola za magazini; ndiyo maana uzalishaji ulikoma. Mkitaka kukisia umri, tazameni fimbo ya kutolea maganda chini ya mtutu: ikiwa wazi, ni ya kabla ya 1973, ikiwa imefunikwa, ni ya mwaka huo au baadaye.

Ukaguzi ufanywe na fundi au muuzaji mwenye leseni, matundu yote sita yakiwa yamethibitishwa kuwa matupu. Aweke kidole kwenye silinda kuizuia kidogo, huku akivuta nyundo polepole mpaka mwisho. Kizuizi cha chini ya silinda, kile kinachoifunga isizunguke, kinatakiwa kianguke kwenye kishimo chake kabla nyundo haijakamata au papo hapo inapokamata. Arudie kwa kila tundu, kwani tundu moja linaweza kuchelewa wakati matano yako sawa. Kinachochelewesha ni kile kidole cha chuma kinachosukuma meno ya nyuma ya silinda. Kwenye Colt hizi kidole hicho hubaki kimeibana silinda hadi risasi inatoka, hivyo huisha mapema. Kikiisha, tundu halinyooki na mtutu, risasi hukwangua ukingoni na vipande vya risasi huruka pembeni. Dawa ni fundi anayeijua Colt ya zamani, akirefushe au akibadilishe. Vipuri vya Cobra, rivolva mpya ya Colt ya 2017, haviingii humu, ingawa kwa macho zinafanana.

Kisha achukue fila, ile ile ya fundi wa magari ya kupimia valvu, apime nafasi kati ya silinda na kitako cha mtutu. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni afya. Ikizidi sana, moto hutoka ubavuni; ikibana, silinda hukwama ikishapata joto. Atazame pia kama mkono wa silinda umepinda. Huo ni ugonjwa wa watu wanaoifunga kwa kuitikisa mkono mmoja, kama kwenye sinema.

Mwisho, rangi. Kingo zilizoviringika, maandishi yaliyofifia na yule farasi wa nembo ya Colt aliyebaki kivuli ni dalili kwamba iling'arishwa upya. Tunawasihi: msimpe mtu aitengeneze ipendeze kabla ya kuuza. Bluu nyeusi ya kiwandani, hata ikiwa imechakaa kwenye ncha ya mtutu, mkusanyaji huitaka kuliko rangi mpya inayometa.

SWALI: Rivolva yangu ina leseni na naihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi, kabatini. Kila masika inaota vidoadoa vya kutu. Nafuta, vinarudi.
Msomaji, Moshi

JIBU: Adui ni hiyo ala. Ngozi hunywa unyevu wa Machi hadi Mei na kuushikilia kwenye chuma, na dawa zilizotumika kuilainisha huongeza ubaya. Ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, hata ya cherehani yanafaa, ilale ndani ya soksi kavu ya pamba kwenye sefu yenye vipakiti vya silika. Mafuta ya kupikia hapana, huganda yakawa gundi.

SWALI: Risasi za ".38" si zote moja?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Hapana! Webley na Enfield za enzi za Mwingereza hula .38 fupi, ganda la milimita 19.7. Detective Special hula .38 Special, ganda la milimita 29.3 na jembamba zaidi. Risasi ikikataa kuingia, msiilazimishe, wala fundi asiongeze kina cha tundu la Webley ili Special iingie. Ganda jembamba kwenye tundu pana huvimba na kupasuka.