Ruta inasahau kila kitu umeme ukikatika

Mdogo wangu wa Kadutu, umeuliza kwa nini ruta ya Cisco uliyoipanga jioni inaamka asubuhi tupu, kama haijaguswa na mtu. Hujakosea mpangilio, kuna amri moja uliiruka.

Kila unachoandika kinakaa kwenye running-config (mpangilio unaotumika sasa hivi), yaani ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, na hapa Bukavu unajua unavyokatika, chote kinapotea. Andika end urudi kwenye alama ya # isiyo na neno (config) mbele yake, kisha andika copy running-config startup-config. Ikikuuliza jina la faili, bonyeza Enter tu. Sasa mpangilio uko NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Mimi huhifadhi kila nikimaliza mlango mmoja (interface, pale ruta inapounganishwa na mtandao), sisubiri mwisho.

Halafu milango: kwenye ruta hizi huja imefungwa. Hata ukiupa anwani, tuseme ip address 192.168.10.1 255.255.255.0, bila no shutdown haupitishi kitu. Piga show ip interface brief. Ukiona administratively down, umesahau kuufungua.

Tafadhali usijifunzie kwenye ruta ya saiba, watu wanaitegemea. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha kabisa kwa haya.