Kuhudhuria AA mara ya kwanza

Dada, umeuliza kaka yako atapataje mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, makundi ya watu wanaosaidiana kuacha pombe) hapo Nairobi, na kama atalazimishwa kusimama kujieleza mbele za watu. Halazimishwi. Zamu yake ikifika aseme tu, "leo nimekuja kusikiliza," na anayefuata ataendelea. Jina la kwanza linatosha. Hakuna kiingilio, kapu la mchango likipita na hana kitu, alipitishe kwa jirani. Sharti la uanachama ni moja tu: awe anataka kuacha pombe.

Kutafuta msaada, apige 1192, namba isiyotozwa pesa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya. Mikutano ya mtandaoni nayo ipo kila siku, inamfaa anayeogopa kuonwa na watu wa mtaani. Ukitaka kumsindikiza, ulizia mkutano wa wazi, maana ule wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Na kundi la kwanza lisipomkaa, ajaribu lingine kabla ya kukata tamaa. Makundi hayafanani hata kidogo.

Ila tafadhali sana: kama anakunywa kila siku tangu asubuhi, asiache ghafla akiwa nyumbani. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, degedege, hayo yanaweza kuua. Aonwe na daktari kwanza, mikutano ifuate.

Wewe pia usijisahau. Mikutano ya Al-Anon ni kwa ajili ya ndugu na wenzi wa mnywaji, na unaweza kwenda hata yeye akikataa kwenda AA.