Wafuasi 11,000, namba 37

Juzi dada mmoja wa Bweyale, mji wa huku Uganda, ameniandikia WhatsApp. Anauza nguo za watoto, ana kibanda karibu na soko, na sasa TikTok imemkubali: video moja tu akikunja vikaptula imemletea wafuasi elfu sita. "Kaka, niachane na kibanda? Kodi inaniua, na wateja wote siku hizi wako kwenye simu." Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jambo lenyewe bado linaniuma, kwa hiyo bora niliandike hapa, na nyinyi wengine mnaowaza kama yeye msome.

Mwaka 2007 nilifungua kafe ya intaneti hapa Busia, upande wa Uganda, mpakani na Kenya. Usicheke. Kompyuta nne zenye kichogo, nilizinunua Kampala zikiwa zimetumika, nikasafiri nazo kwenye basi nimezifunga kwa mablanketi ya mama yangu. Shilingi 50 kwa dakika. Hiyo ilikuwa kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, kwa hiyo picha ya pasipoti ilianza kuonekana nywele, unasubiri, paji la uso, unasubiri, stima inakatika kabla ya macho. Mteja anadai dakika zake. Lakini mtaa mzima uliniita "injinia", na sitadanganya, jina hilo lilinikaa vizuri.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, mwanawe alikuwa London. Kila Ijumaa alikuja, ananawa mikono kwenye jerikeni langu pale nje ili harufu isishike kibodi, ingawa kibodi yenyewe hakuigusa hata siku moja. Mimi ndiye niliyemsomea barua pepe. "Rudia hapo aliposema baridi," ananiambia, narudia. Mwezi wa kwanza dakika hizo nilimhesabia. Baadaye niliona aibu nikaacha.

Simu janja zilipoingia, kafe ilikufa, na hadithi hiyo mnaijua kila mtaa. Siku moja napita sokoni namkuta yule mama anaongea na mwanawe, uso wake kwenye kioo cha simu, magamba ya samaki yamegandia kava. Akanipungia kisu, akaendelea kuongea. Hakunihitaji tena. Nilifurahi, na pia sikufurahi.

Basi na mimi nikahamia huko huko. Nikakodi chumba cha duka, nikawa naleta viatu vya mtumba kutoka Owino, soko la Kampala, navipiga picha juu ya kitenge cheupe, naweka Facebook. Waliofanya hivyo Busia wakati huo hatukuzidi watatu, na picha zangu ndizo zilizokuwa safi, hilo hata adui yangu atakubali. Wateja Tororo, Mbale, Jinja, mpaka Kampala. Hela inaingia kwa mobile money, viatu vinapakiwa kwenye teksi ya asubuhi. Kufika mwisho wa 2020 ukurasa ulikuwa na wafuasi 11,000. Nikarudisha ufunguo wa duka. Mwenye nyumba aliponiuliza nitauzia wapi, nilimwonyesha simu. Namkumbuka alivyotabasamu.

Dalili nilikuwa nimeziona, na hapa ndipo ninapojilaumu. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya kura, mitandao ya kijamii ilizimwa na mobile money ikazimwa nayo. Nikasema ni ya siku chache. Julai 2018 ikaja kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp au Facebook. Wakubwa walisema 200 ni hela ndogo. Hawajawahi kuuza ndala za 8,000 kwa mtu anayefikiria kwanza kama afungue mtandao leo au kesho. Kodi hiyo ilikuja kuondolewa Julai 2021, ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanguka.

Facebook ilifungwa na serikali tarehe 12 Januari 2021. Kesho yake jioni intaneti yote ikazimwa nchi nzima, kura ikapigwa tarehe 14. Sisi wa mpakani huwa tuna ujanja wetu. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu. Nikachukua laini yangu ya Kenya, nikaenda mtaa wa Sofia ambako mtandao wa ng'ambo unafika, nikasimama nyuma ya ukuta wa choo cha mtu, mkono juu. Ikashika. Ukurasa ukafunguka, viatu vyangu vyote vimepangika, vinang'aa. Nikaweka tangazo. Nikasubiri saa nzima kwenye jua lile. Hakuna aliyejibu hata mmoja, na angejibu nani? Duka liko wazi, wateja wamefungiwa nje.

Intaneti ilirudi tarehe 18. Facebook haikurudi. Watu wakaanza kutumia VPN, programu ya kupita pale palipofungwa, lakini mama wa Tororo anayetaka viatu vya shule hatahangaika na VPN kwa ajili yangu. Nikafungua simu kuhesabu wateja ninaoweza kuwapigia. Thelathini na saba. Wengine wote tulizungumza inboksi.

Kilichoniokoa ni uvivu: sikuwa nafuta meseji za mobile money. Kila aliyewahi kunilipa, jina lake liko pale na namba yake iko pale. Nilinunua daftari la kurasa 96 nikakaa usiku mbili nanakili kwa peni. Yalitoka majina 214. Nikapiga mmoja mmoja. Wengine walinikata, mmoja alinitukana, lakini hela ya kodi ya chumba mwezi ule ilitoka kwenye daftari lile.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu ni huu: andika namba. Anayenunua kaptula moja, mwombe namba, andika. Anayeuliza bei akaondoka, andika. Msituni ukijenga nyumba kwenye mti wa mtu mwingine, siku akiukata usimlilie. Wafuasi elfu sita ni wa TikTok, hawajawa wako mpaka uwe na namba zao. Vijana mnapenda kuhesabu watu msioweza kuwapigia simu, na mkiambiwa mnaona ni wivu wa wazee. Kibanda kama unaweza, kipunguze, shirikiana na mtu kodi, lakini usikirudishe. Na uandike namba. Kwenye karatasi, maana simu nayo huibiwa.

Nilimtumia hayo kwa kifupi. Nikamwambia anipigie picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake, halafu tuongee mambo ya TikTok. Amenijibu kwa emoji ya kucheka. Picha bado naisubiri.