Ukienda kambi ya uongozi, usijipangie cheo

Wadogo zangu wa kidato cha tatu na cha nne mmeniuliza mbebe nini kambini. Bebeni sweta mbili na blanketi zito, maana baridi ya Iringa mwezi wa sita hata sisi wa Makambako inatutetemesha. Ila kubwa ninalotaka kuwaambia ni hili: usiende ukiwa umeshajipangia cheo.

Mimi nilijipangia. Kambi yetu ilikuwa na Bunge la mfano, na tangu nyumbani nilishaamua nitakuwa Spika. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo: "Waheshimiwa Wabunge, tukae." Kura zikapigwa, nikashindwa. Mwenzangu akavaa joho, mimi nikapewa ukatibu wa kamati. Usiku ule nililia, na kesho yake sikuchangia neno lolote. Siku ile naijutia mpaka leo.

Kamati yetu ilipewa muswada wa mabweni ya wasichana kwenye shule za kata. Aliyekulia huku kwetu anazijua habari za mageto: binti wa miaka 14 anapangiwa chumba karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali, anajipikia, usiku anajifungia peke yake. Tukadhani hakuna cha kujadili. Nani atapinga bweni? Basi dada mmoja wa Kilolo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaomba tusome tena kifungu cha pili. Kilisema kila shule "inaweza kuwa" na bweni. Akaweka kidole juu ya neno hilo.

"Hata leo inaweza," akasema. "Mimi nimekaa geto miaka miwili, na shule yangu inaweza."

Hakuna aliyejibu. Kifungu hicho kimoja kilitumalizia karibu masaa mawili. Tukiandika "itakuwa na", nani anajenga? Chakula je? Mmoja akataka kila mzazi achange debe la mahindi. Mwingine akauliza aliyevuna madebe mawili tu afanyeje. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nafuta, naandika, nafuta tena. Hata Dodoma ndivyo ilivyo: muswada ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye kamati, halafu ndipo unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa na Bunge zima. Kule kugonga meza tunakokuona kwenye televisheni kunakuja baada ya kazi hiyo.

Kwa hiyo omba kamati yenye jambo unalolijua kwa maisha yako. Soma muswada usiku wa kuamkia kikao, piga mstari chini ya kila "inaweza" na kila mahali pasipotaja fedha zinatoka wapi. Na mtu akisimama katikati ya hotuba yako kukupa taarifa, yaani kukuongezea au kukurekebisha jambo, mpe nafasi. Nilimwona kijana msemaji hodari akikataa taarifa tatu mfululizo. Hoja yake ikaangushwa kwa "siyo" ya ukumbi mzima. Taarifa ya kwanza ilikuwa ya kumuunga mkono.

Siku ya nne tulikwenda Kalenga, kwenye makumbusho linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Vita vyake na Wajerumani tumevisoma wote. Kilichonigusa ni habari ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Spika nchini kwetu, mwaka 1962. Nilisimama pale nikiwaza: Spika anakaa mchana kutwa akiwapa wengine nafasi ya kusema. Mimi nilikitaka kiti kile ili nisikike.

Muswada wetu ulipita, ukiwa na "itakuwa na".

Novemba natimiza miaka 18, nitaruhusiwa kuingia mkutano wa mtaa. Swali langu nimeshaliandika kwenye daftari lile lile la kamati: bweni la shule yetu ya kata, lililoishia kwenye lenta, litaezekwa lini, na kwa fedha za nani?