Wanafunzi wangu Wacheki wanaongea vizuri ila "the" na "a" wanaziruka, nihesabuje makosa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza cha kuongea chuo kimoja Prague, wanafunzi wanatiririka vizuri tu ila "the" na "a" wanaziruka alafu nyakati zinawachanganya. Nataka niwarekodi nihesabu makosa. Nihesabuje, na je nisahihishe kila kitu?

JIBU: Marahaba. Kwanza usiwaone wazembe jamani. Kicheki hakina "the" wala "a", mtu anasema "viděl jsem film" basi muktadha unamaliza, kama sisi tu na niliona filamu. Na Mcheki akikwambia "I am here three years" badala ya "I have been here" ujue ametoa kwao, "jsem tady tři roky", wakati uliopo, na sisi si tunasema niko hapa miaka mitatu? Hata "he said he is tired" badala ya "was tired" ni hivyohivyo, Kicheki hakirudishi kitenzi nyuma kwenye maneno ya kuripotiwa. Kinachowatesa zaidi ni kwamba wakati uliopita wanao mmoja tu, kazi iliyobaki inafanywa na jozi za vitenzi, "psal jsem" nilikuwa naandika na "napsal jsem" nimemaliza kuandika, sasa hiyo ya pili inaweza kuwa "I wrote" au "I have written" na akiwa anaongea hana muda wa kuchagua.

Kuhesabu sasa. Usihesabu makosa peke yake tafadhali, maana anayeongea kidogo ataonekana bingwa. Chukua kila sehemu iliyohitaji "the" au "a", angalia amepatia ngapi kati ya hizo, na zile alizoweka pasipohitajika ziandike pembeni, ni tatizo jingine hilo.

Alafu si kila kinachoonekana kibaya kwenye karatasi ni kosa. "There's two shops" Waingereza wenyewe wanasema kila siku, "my brother, he lives in Brno" nayo ni sarufi halali ya kuongea, na mtu akianza "I was, I went" amejirekebisha mwenyewe, huyo mpongeze. Ukitumia rula ya insha utawaonea.

Kwa kurekodi fuata mtindo wa LINDSEI, ule mkusanyo wa Kiingereza cha kuongea cha wanafunzi ulioanzia Louvain, Ubelgiji. Sehemu ya Wacheki ilikusanywa Chuo Kikuu cha Charles hapohapo Prague, wanafunzi 50. Mahojiano yana hatua tatu, mada ya kuchagua, maongezi huru, mwisho picha nne za mchoraji na mwanamke asiyeipenda sura yake kwenye mchoro. Hizo picha mimi nazipenda sana kwa shida yako, maana mwanafunzi lazima amtambulishe "a woman" alafu picha inayofuata awe "the woman", yaani hana pa kujificha, na kwa vile wote wanaelezea kitu kilekile unaweza kuwalinganisha bila kumwonea mtu.

Kusahihisha kila kitu hapana, ukimkatiza katikati ya sentensi atabaki na vineno vya kukariri. Mpe rekodi yake, aandike dakika mbili tu neno kwa neno pamoja na "er" zake zote, apigie mstari nomino alafu ajiulize kila moja, msikilizaji anajua ni ipi au hajui? Nyakati ziacheni mzunguko wa pili, na muanze na hizo "I am here three years" maana ndizo zinazompotosha msikilizaji haraka.