Springfield M1903 ya namba ndogo: ipigwe au isipigwe?

Isipigwe. M1903, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, ikiwa ya kiwanda cha Springfield yenye namba ya mfululizo chini ya 800,000, au ya kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, risiva yake (mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti) haiaminiki hata kama inang'aa na bolti (kipande kinachofunga nyuma ya risasi) inateleza vizuri.

Chuma chenyewe hakikuwa kibaya, kilichoharibu ni moto. Mafundi walikadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma, na siku ya jua kali kilionekana hakijapata moto wa kutosha wakati kimeshaungua. Risiva ikatoka ngumu lakini haina unyumbufu. Risiva nzuri, presha ikizidi, hutanuka. Hii hupasuka vipande karibu na uso wa mpigaji. Mara nyingi chanzo ni kitako cha ganda la risasi kupasuka au mtutu kuziba, gesi ikarudi nyuma. Kwa hiyo risasi nyepesi si kinga: ganda bovu haliangalii baruti ni kiasi gani. Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi la Marekani, aliorodhesha ajali hizi moja moja.

Kuipasha moto upya hakusaidii, chuma kilichoungua hakirudi. Geji ya chemba (mahali risasi inapokaa) nayo hupima nafasi tu, haioni wepesi wa kuvunjika. Kweli, nyingi zimepiga miaka na miaka bila tatizo, ila hakuna kipimo cha nje kitakachokuonyesha ipi itapasuka.

Angalia na bolti: za zamani zilipitia moto uleule, na huweza kukutwa ndani ya bunduki ya namba kubwa.