Kabla hujaenda kulala ufukweni, pima mtungi wa gesi

Novemba mwaka jana tulikwenda kulala ufukweni, nje kidogo ya mji wa Kigoma: mahema mawili, watu wazima watatu, watoto wanne. Usiku wa pili migebuka iko kwenye mawese, haijaiva hata upande mmoja, moto ukaanza kunywea. Ukabaki kama wa kibatari, ukazimika. Mchana wake nilikuwa nimeangalia geji ya regulata na mshale ulikuwa kwenye kijani. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zote zimelowa. Mtoto wetu mdogo alikuwa na homa na hatukuweza hata kumchemshia uji. Usiku ule sitausahau.

Kosa lilikuwa kuiamini geji. Ile inapima mgandamizo, haipimi gesi iliyobaki. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji, na juu yake kuna mvuke. Maadamu hayo maji yapo, mvuke unasukuma karibu kwa nguvu ileile, mtungi uwe umejaa au umebaki robo. Kinachochezesha mshale ni joto tu: jua linaupandisha, baridi ya alfajiri inaushusha. Ukiona umeanguka wakati hali ya hewa haijabadilika, gesi ndiyo inaishia.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja anayeuza chakula Mwanga. "Kaka, gesi imeuzwa kwa kilo, nawe ipime kwa kilo." Mtungi umegongwa uzito wake mtupu kwenye chuma kinachozunguka valvu. Wangu umeandikwa 7.2, kwa hiyo ukijazwa kilo 6 unafika 13.2. Nafunga valvu, natoa regulata, nauning'iniza kwenye mizani ya ndoano kama ya wauza samaki, kisha natoa 7.2. Soma namba ya mtungi wako mwenyewe, maana haifanani na ya jirani, na kila ukibadilishiwa mtungi isome upya.

Baada ya safari ile nilipima kila jioni kwa wiki nzima. Chai, ugali wa muhogo na mboga vilikula kama gramu 300 kwa siku. Siku ya maharage ilikula karibu mara mbili, ndiyo maana siku hizi maharage ya safari tunayachemsha nyumbani kabisa. Kwa siku tatu siondoki na chini ya kilo 2.

Mkiwa kule bila mizani, mimina maji ya moto ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja toka juu kushuka. Palipopata joto pana mvuke mtupu. Pale ubaridi unapoanzia ndipo gesi ilipofika. Ni makadirio, ila yanatosha kuamua kama kesho mnakaanga au mnakula mkate.

Na tafadhali, mtungi usilale hemani na watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, palepale penye magodoro. Uweke nje, umesimama wima, na maungio uyakague kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mwezi uliopita, asubuhi ya kuondoka, mizani ilisoma 8.1. Gramu 900. Tulibadilisha mtungi kwanza, mahema tukayafunga baadaye.